Mwaka wa Bilulu

Tulimzika mama Véronique siku ya Alhamisi, na kabla udongo haujakauka watu walianza tena kuulizana alikuwa kabila gani. Nilikuwa nimeketi chini ya hema la matanga, sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo mapajani, nikamsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Mi nilisikia kama alikuwa mutu wa Sandoa." Mwenzake akaguna. "Sandoa gani? Ule alibadilisha jina. Uliza wazee ba Musonoi." Sikugeuka. Nilifanya kazi na mama Véronique mwaka mmoja, kisha nikamtembelea miaka yote iliyofuata, nikala mezani pake, nikamuuguza mwishoni, na hata mimi sikupata kujua. Lakini ulikuwepo mwaka ambao nilitaka sana kujua. Nilimchunguza kama mtu anayechambua mchele kutafuta mawe, na kilichotokana na uchunguzi huo ndicho ninachotaka kukisimulia. Wazazi wangu ni nani, tulifikaje Kolwezi, hayo nayaacha. Kuna chumba kimoja, kuna msichana wa miaka minane, na kuna jambo nililolisema mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule ya uuguzi ilikuwa imefungwa, walimu wamechoka kungoja na kurudi mashambani kwao. Kampuni ya migodi, ambayo sisi tuliiita Kazi tu, kana kwamba duniani hapakuwa na kazi nyingine, ilikuwa inakufa machoni petu. King'ora kilichoamsha mji mzima alfajiri kikanyamaza. Posho ya unga ikachelewa, ikapungua, ikakatika. Wanaume waliingia zamu na kutoka na nguo safi, na hakuna kitu kilichowatisha wake zao kama ule usafi. Watu wenye njaa walihitaji mtu wa kumlaumu, na redio ikawaletea. Kila siku, saa sita na nusu mchana, ilikuja sauti ya mwanamume, nzuri, yenye kutulia, ikisema kwamba watu wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa enzi za Wabelgiji kujenga reli na kuchimba shaba, wametunyang'anya vyeo, nyumba na mkate. Ikawaita bilulu, yaani wadudu. Ikasema nyumba yenye bilulu hufagiliwa. Sitaki kudanganya: mara ya kwanza nilicheka. Wote tulicheka. Lilikuwa neno tamu mdomoni. Baada ya wiki chache watoto waliliimba wakiruka kamba.

Wakati huo ndipo nilipopata nafasi kwenye zahanati ya misheni, barabara ya kwenda Musonoi, nikapelekwa kwenye chumba cha mwisho wa baraza. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka na bado kilinuka sabuni na panya. Kulikuwa na benchi, mkeka, rafu zenye makopo na maboksi tuliyoyaita makarito, na dirisha moja lililotazama kilima cha udongo uliotolewa mgodini. Mama Véronique alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa muuguzi aliyesomea mambo ya akili ya watoto, wengine walisema Kinshasa, wengine Ubelgiji, na kila mtu alikuwa na hakika yake. Waliletwa kwake watoto waliolowesha mikeka wakiwa wakubwa, waliokataa kusema, walioanguka darasani bila homa. Siku ya kwanza alinipa daftari na redio ndogo.

"Saa sita na nusu usikilize," akaniambia. "Andika maneno yenyewe, hapana andika maana. Kisha ukipanga mustari ku bomba ya maji, sikiliza batu. Nayo uandike."

"Juu ya nini, mama?" nikamwuliza sababu.

"Juu batoto banatanguliaka kusikia."

Ndivyo nilivyoanza. Ukurasa wa kushoto niliandika yaliyosemwa redioni, bombani, sokoni, kwenye ngazi za kanisa. Wa kulia aliandika yeye: mtoto alichosema, alichochora, alichocheza. Jioni aliweka kidole kushoto, kingine kulia, akavisogeza taratibu kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili. Neno jipya lilipotokea kushoto, alingoja siku mbili tatu, na mara nyingi kulia kulitokea mtoto mwenye ugonjwa mpya. Redio iliposema kwamba hao watu wanakula mkate wetu, akaja mtoto wa fundi mmoja, mtoto wa Kikatanga kama mimi, aliyekataa kula mbele ya mtu yeyote. Alikula akiwa amegeukia ukuta. Mama Véronique hakushangaa. Mimi nilishangaa, kisha nikaogopa, kisha nikaanza kushuku. Sikuelewa mtu anawezaje kujua mambo kwa namna hiyo kama hana aliyemwambia.

Mwaka ule kila mtu alimpima mwenzake. Tulisikiliza mtu anavyotamka, tuliangalia mke wa jirani anachanganya unga gani kwenye bukari lake. Vinu vilivyoazimwa nyumba kwa nyumba vikakaa ndani. Mama Véronique alisema Kiswahili kisicho na kwao. Ungekisikia Likasi, Fungurume au hapa Kolwezi. Nilimletea chakula ili nimtazame anavyokula. Alifinyanga tonge, akala, akashukuru. Nikafungua daftari alipotoka, nitafute majina ya watoto, kwa kuwa mjini walisema anaandika majina. Hakukuwa na jina hata moja, ila herufi na umri. Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nikajiambia: asiye na la kuficha angeandika majina.

Jirani yetu Donat naye alitaka kujua. Donat alikuwa kijana wa thelathini, shati lake limepigwa pasi daima, msaidizi wa katekista na mkubwa wa vijana wa chama cha siasa mtaani kwetu. Hakupiga kelele kamwe. Alinisaidia kubeba ndoo, aliuliza hali ya mama yangu.

"Mudogo wangu," akaniambia bombani, "ule mama wa daftari, eko mutu wa wapi?"

"Sijue, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Namna gani haujue? Unakaa naye kutwa. Akiumia anasema nini? Mutu akiumia anasemaka luga ya mama yake."

Kesho yake nilimwangushia mama Véronique kopo zito mguuni. Leo naandika kwa aibu, lakini nilifanya hivyo. Alisema "Aïe!" kama Mfaransa, akakaa kwenye benchi, akasugua kidole, akanitazama muda mrefu. 

Kapinga, msichana wa miaka minane mwenye jina la Kikasai, aliletwa mwanzoni mwa mvua. Mikono yake yote miwili, kuanzia vifundoni hadi viwikoni, ilikuwa vidonda vya kujikuna, vingine vibichi. Alikuwa amepakwa dawa ya upele mara tatu na madaktari watatu. Kwa majuma mengi alikuwa hasemi na mtu. Mama yake, mwanamke mnene aliyekuwa akikaanga mikate barabarani mpaka watu wakaacha kununua kwake, alikaa kwenye benchi akiwa ameshika pochi kwa mikono miwili. Hakumtazama mama Véronique. Alinitazama mimi.

"Uyu binti ni mutu wa wapi?" akauliza.

"Ni wa hapa," mama Véronique akajibu. "Anaitwa Odile."

"Odile nani?"

Nikataja jina la babu yangu, la Kilunda, kabila la wenyeji. Mama Kapinga akaivuta pochi karibu zaidi na tumbo. Wakati ule nilikasirika. Niliona ananidhania mwizi.

Mara mfagiaji wa zahanati akapita barazani na pompi ya dawa ya mbu, anapuliza pembeni mwa kuta kama kila wiki. Kapinga aliisikia ile pss, pss. Hakulia. Aliingia chini ya benchi, akajikunja, akaficha kichwa kwa mikono yake yenye vidonda, akawa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mama Véronique akamwomba mfagiaji aende zake, akafunga mlango, kisha akaninyooshea mkono bila kugeuka. Alitaka daftari. Akafungua kurasa za kushoto, moja, mbili, tatu. Bilulu. Bilulu. Bilulu.

"Mama Kapinga," akasema kwa sauti ya chini, "ku nyumba munafungulaka redio?"

"Tunaizima batoto bakingia."

"Na jirani?"

Yule mama akanitupia jicho tena. "Jirani anafungula nguvu. Juu tusikie."

"Si upele," mama Véronique akasema.

Aliendelea na Kapinga mara mbili kwa wiki. Hakumwuliza lolote. Alichukua karito la sabuni, akakata tundu, akalivaa usoni, akasema ni redio, kisha akanipa mimi. Nikasoma habari zangu za kipuuzi: leo mvua itanyesha, mbuzi wa sista amekula pazia. Kapinga alitazama. Mara ya pili alitazama kwa karibu. Mara ya tatu alinyoosha mikono, akachukua karito, akaingiza uso. Tulingoja. Nje mtu alikuwa anatwanga. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, imekaa muda bila kutumika.

"Bilulu bitoke. Bilulu biko mu ngozi."

Nilijua kurasa zangu. Redio haikuwahi kusema ngozi. Mama Véronique akapiga magoti mbele ya lile karito kama mtu anayezungumza na mtu mzima.

"Tata redio, nani alikuambia biko mu ngozi?"

"Tata yangu alisema banatuchukia juu ya damu. Damu iko mu ngozi."

Kumbe mtoto alikuwa ameshona maneno mawili: la mchana la redio na la baba yake mezani. Alikuwa anawachimbua wadudu awatoe mwenyewe, ili nyumba yao isifagiliwe.

"Tata redio, weye unakosaka?"

"Redio haikosi."

"Ule mutu wa redio eko na kinywa?"

Karito likatikisika: ndiyo.

"Anakulaka bukari?"

Ndiyo.

"Anaendaka mu choo?"

Ndani ya karito kukatokea mlio wa ajabu. Mama yake akashtuka, akainuka nusu. Kapinga alikuwa anacheka. Alipokwisha kwenda, mama Véronique alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge. "Kama tungesikiliza mutoto peke, tungemupaka dawa mpaka mwisho," akasema. "Kama tungesikiliza redio peke, tungekasirika tu. Ni lazima byote bibili." Nimefanya kazi na watoto maisha yangu yote tangu pale, na sijasikia somo lililozidi hilo. Siku hizi redio wameiweka mfukoni, kila mtoto ana simu ya mkubwa mkononi, na mzazi akiniletea mtoto asiyelala, swali langu la kwanza si la homa. Nauliza: nyumbani mnasikiliza nini? Wengi hunitazama kama mama Kapinga alivyonitazama, kwa jicho la pembeni. Siwalaumu.

Ningependa kusema kwamba siku ile shaka yangu iliisha. Haikuisha. Wiki iliyofuata Kapinga alivaa karito mwenyewe, bila kuombwa, akatangaza kwa furaha, "Habari ya leo. Tata analalaka mu chumba ya makala. Anatoka kama jirani eko ku kanisa." Mama yake akajiziba mdomo kwa kiganja. Mtaani wote tulijua kwamba baba Kapinga, fundi wa treni, alikwisha kuondoka na Wakasai wa kwanza waliofukuzwa. Mama Véronique aliweka mkono juu ya daftari langu.

"Hii hapana andika."

Sikuandika. Lakini kitu kilipanda ndani yangu, na nilikiona ni ushindi. Maneno yote ya mji yaandikwe, ya jirani yangu, ya padri, hata ya mama yangu bombani, ila hili lisiandikwe? Sasa nimemjua, nikawaza. Ni mtu wao. Anawaficha watu wake. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyefumbua fumbo.

Donat alikuwa bombani. Akachukua ndoo yangu, akaiweka chini ya maji.

"Mudogo wangu, bado haujajua?"

"Eko mutu wao," nikasema. "Anaficha mambo yao. Hata baba ya ule mutoto wa bidonda, alikataza niandike."

"Baba gani? Si alienda?"

Hapa nimesimama mara nyingi katika maisha yangu. Usiniamini sana nikisema sikufikiri. Nilifikiri. Niliona uso wake umenigeukia wote, uso wa mtu mkubwa anayesubiri neno la msichana, na nilipenda kuonekana hivyo.

"Eko mu nyumba," nikasema.

Donat hakuuliza zaidi. Alinibebea ndoo hadi mlangoni, akamsalimu mama yangu.

Siku mbili baadaye, asubuhi, vijana walikwenda. Sikuwapo, lakini nilipita saa nne. Mlango ulikuwa umekwisha kung'olewa. Jirani mwenye redio alikuwa anapima dirisha kwa kamba. Kwenye uwanja kulibaki sufuria ya mafuta ya mikate imepinduliwa, mafuta yameganda udongoni. Watu walisema walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha makaa, hata hawakutafuta kwingine. Walimvunja baba mkono, kisha wakaipeleka familia yote stesheni.

Zahanati nilimkuta mama Véronique ameketi kwenye mkeka, miwani mkononi.

"Ulisema kwa nani?" akaniuliza. Hakuuliza kama nilisema.

"Juu ya nini unaniuliza mi? Mfagiaji naye ana masikio. Na weye, mama, weye uko mutu wa wapi?"

"Ni hiyo ulitaka kujua?"

"Njo hiyo."

"Kama ningekuambia, ungenyamaza?"

 Ningesema ndiyo kama angekuwa wetu. Na kama angekuwa wao? Nikaelewa, nikiwa nimesimama pale na viatu vyangu vya shule, kwamba nilikuwa nimemwuliza swali lile lile ambalo vijana waliuliza mlangoni kwa mama Kapinga. Nikakaa chini. Nikamwambia yote, hadi lile kopo nililoliangusha mguuni. Alisikiliza kama alivyowasikiliza watoto. Kisha akafungua daftari, ukurasa wa kushoto, chini ya maneno ya mchana ule, akaandika kwa mkono wake: *Eko mu nyumba*.

"Hii nayo ni redio," akasema, akalifunga.

Nilidhani atanifukuza. Alasiri akavaa kandambili na kuniambia, "Twende."

Nani wa Kolwezi asiyeikumbuka stesheni ya mwaka ule? Watu waliofukuzwa, mji mzima ukiwaita barefoulé, walijaa kuanzia jukwaani hadi mbali kwenye reli, chini ya plastiki, mabati, milango waliyowahi kuing'oa wenyewe. Walingoja mabehewa wiki baada ya wiki. Walipika kati ya reli. Surua ilikuwa imeingia, na watoto waliofungwa kwa vitenge walikohoa kwa mlio mmoja. Vijana wa chama walizunguka wakihesabu mizigo. Nilitembea nyuma ya mama Véronique, kichwa chini, nikiogopa wenye plastiki, nikiogopa vijana, nikimwogopa na yeye, kwa kuwa sikujua ananipeleka kufanywa nini.

Familia ya Kapinga ilikuwa karibu na tangi la maji. Baba, mtu mrefu mwenye mvi chache, alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkono umefungwa kwa kipande cha mbao. Kapinga alikuwa amelala kifudifudi. Mikono yake ilikuwa imezungushiwa matambara, na matambara yalikuwa na damu.

"Amerudia kuliko mwanzo," mama Kapinga akasema. "Alisema neno moja tu, leo asubuhi banatuleta. Anasema ni yeye njo alitoa tata inje. Anasema alisema mu redio, redio ikasikia."

Mama Véronique akafumba macho. Lile karito lilikuwa kazi yake. Alikuwa amempa mtoto kinywa, na mtoto sasa aliamini kinywa kile kimevunja mkono wa baba yake. Akanivuta pembeni, nyuma ya tangi.

"Dawa ya hii mi sina," akaninong'oneza. "Weye njo uko nayo."

"Bataniua, mama."

"Labda. Siwezi kukudanganya." Akamtazama Kapinga kutoka mbali. "Hata yeye, hatuwezi kumudanganya. Kuna mutu alisema. Mutoto anafikiri ni yeye."

Nikarudi. Nikakaa chini karibu na kichwa cha Kapinga, mama yake upande mmoja, baba yake upande wa pili, na wanawake wa plastiki za jirani wakitutazama. Nilisema haraka, nisije nikakimbia.

"Kapinga. Ile redio ya karito haina waya. Hakuna mutu alisikia. Ni mi. Nilisema kwa Donat, ku bomba ya maji."

Mama Kapinga aliinuka. Nilisikia pumzi yake kabla sijauona mkono. Kofi lilinipeleka hadi kwenye reli. Akaja tena, na mwanamke mwingine nyuma yake akaokota jiwe la reli, na hapo baba Kapinga akanyoosha mkono wake mzima, akamshika mkewe kwenye kitenge.

"Wacha amalize," akasema.

Kapinga alikuwa amegeuka. Alinitazama mdomo, si macho.

"Ulisema nini?" Sauti ile kavu.

"Nilisema: eko mu nyumba."

"Ulisema nguvu?"

"Hapana. Pole pole."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa na maneno mengi njiani. Njaa, redio, Donat, umri wangu. Lakini alikuwa na miaka minane na alitaka kujua kweli.

"Nilitaka anione kuwa mukubwa."

Akafikiri. Akaangalia matambara yake, akayageuza upande huu na ule, kisha akanitazama tena, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, si kwa huruma, bali kama mtu aliyekuwa amebebeshwa mzigo na sasa ameonyeshwa mwenye mzigo.

"Kumbe ni weye," akasema.

"Ni mi."

"Sasa toka," mama yake akaniambia. "Toka, kabla sijakuua."

Nilitoka. Lakini kila alasiri nilirudi na mama Véronique, nikasimama ng'ambo ya reli na mfuko wa bandeji, naye akaingia peke yake. Wakati mwingine nilimshuku hata katika hilo. Nilijiuliza kama alikuwa ananitumia, kama mtu anavyotumia kitambaa kichafu kufutia kidonda, kisha akitupe. Sikuwahi kumwuliza. Aliniambia tu kwamba mtoto amelala. Kwamba mtoto amekula. Kwamba anasema, anasema sana, na analosema ni moja: amewasimulia watoto wa stesheni nzima, tangu tangi hadi mwisho wa jukwaa, kwamba si bilulu, si damu, ni Odile wa bomba ya maji aliyemsema tata yake. Watoto wakalichukua. Nilipokaribia, nililisikia likinitangulia plastiki kwa plastiki: Odile, Odile, ni Odile njo alisema. Wanawake waliinua vichwa vyao kwenye masufuria. Nikajua jina linavyouma likiwa mdomoni mwa watu wengi. Nikamwambia mama Véronique nikilia kwamba siwezi tena. "Andika ku kushoto," akanijibu, "kisha unipe bandeji."

Donat alizeeka vizuri. Ana wajukuu, anashika nafasi ya mbele kanisani, na tukikutana huniita mudogo wangu, nami humwitikia yaya. Hajawahi kunitajia siku ile. Sijui kama ameisahau au ananingojea mimi nianze.

Treni yao ilikuja asubuhi moja bila kutangazwa. Tulifika mabehewa yakiwa yamekwisha kujaa, ya wazi, ya kubebea madini, watu wamesimama humo wamebanana, masufuria yakining'inia nje. Mama Véronique alikimbia kando ya reli akitaja jina la Kapinga. Mimi nilibaki karibu na tangi. Ndipo nikamwona, kwenye behewa la tatu, amebebwa mabegani na baba yake, ameshikwa miguu kwa ule mkono mzima. Hakuwa na matambara. Mikono yake ilikuwa mitupu juani, madoa ya makovu mapya yakiwa ya waridi, makavu. Alikuwa anatafuta watu kwa macho. Akaniona. Treni ikastuka, ikaanza kwenda, na yeye akanyoosha kidole, akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, behewa zima likageuka.

"Ule pale! Njo Odile!"

Karibu nami walisimama wasichana wengine wawili, wauza maji, wa umri wangu, na nyuso za behewa zikaanza kutupitia mmoja mmoja, zikitafuta ni yupi. Nikainua mkono, wasimkosee mtu mwingine.